Una viwanja viwili na pagale moja ila Januari unakopa kausha damu ada ya mtoto, hapa tatizo ni nini?

mhazini_wa_zamu ameandika:

Wakuu salaam. Mimi ni mhazini wa saccos (chama cha akiba na mikopo) ya wafanyakazi, siitaji jina wala mkoa, ila kazi yangu kubwa ni kukaa na zile fomu za mikopo na kuzisoma moja moja kabla ya kamati haijakaa. Sasa kuna kitu nakiona kila mwaka kuanzia Novemba mwishoni mpaka Februari na nimeona nikilete hapa tukijadili, maana watu tukikutana story ni uwekezaji, hisa, hatifungani (kuikopesha serikali kwa riba), bitcoin, kuku wa kisasa, lakini fomu zinaongea lugha nyingine kabisa.

Fomu inasema hivi: mwombaji ana kiwanja Chanika, ana kingine Kibaha huko ndani ndani, ana nyumba "inayoendelea kujengwa" (yaani pagale, limefika kwenye lenta miaka minne iliyopita na majani yameota sebuleni), afu sababu ya mkopo: ADA. Au kodi ya nyumba. Au "matibabu ya mzazi". Kiasi anachoomba laki sita, laki nane, mil moja. Mtu kwa makaratasi ana mali ya mil ishirini na kitu, mfukoni hana laki sita za dharura. Na huyu ndio kaja kwetu, huyu ana nafuu. Asiyepata kwetu, labda kwa sababu makato yake yameshafika ile theluthi (mtumishi wa umma lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara, hapo hata boss wako akuonee huruma haiwezekani), anaenda kwa kausha damu, wale jamaa wa mtaani, anaacha kadi ya benki na namba ya siri, riba asilimia 20 kwa mwezi na wengine 30.

Hebu tupige hesabu ya haraka. Laki sita kwa 20% ni laki na ishirini kila mwezi, na hiyo ni riba tu, mtaji wao bado uko pale pale. Ukikaa miezi mitano umeshalipa laki sita nyingine na deni halijapungua hata mia. Hamna hatifungani, hamna hisa, hamna kiwanja cha Chanika kinachopanda bei kwa kasi hiyo. Kwaiyo familia inawekeza huku inavuja kule, na kule inakovuja kuna kasi mara kumi.

Hoja yangu ni moja tu na najua wengi mtanipinga: familia nyingi za kawaida hatuna shida ya kutokuwekeza. TUNAWEKEZA SANA, ila tunawekeza kwenye vitu ambavyo huwezi kuvitoa hela siku unayoihitaji. Kabla hujanunua kiwanja cha pili, jaza kwanza hela inayotoka ndani ya siku tatu.

Karibuni.

---

kiwanja_hakiozi:

Mkuu nakuheshimu ila hapa umekosea njia. Ardhi haishuki bei. Mwaka 2010 watu wanauziwa viwanja Goba bei ya kutupa, leo kaulize. Hizo laki sita zako ukiziweka benki baada ya miaka kumi zinanunua nini? Mfumuko wa bei unazila. Mzee wangu hakuwa na hela benki ila alikuwa na mashamba na tumesoma wote sita.

---

mhazini_wa_zamu:

> kiwanja_hakiozi kasema: Ardhi haishuki bei

Goba nakubali, na wewe ukubali kwamba kwa kila Goba kuna sehemu ishirini watu wamenunua na mpaka leo hamna barabara hamna maji na mpaka haueleweki. Tunaikumbuka Goba kwa sababu ilitoka. Ila hiyo sio hoja yangu, mimi sijasema ardhi ni mbaya.

Nimesema jaribu kukiuza hicho kiwanja tarehe 5 Januari. Kwanza kila mtu ana ada, hamna mnunuzi. Anayekuja ni yule anayejua una shida, anakutajia nusu. Dalali anataka yake, ofisi ya mtaa nayo wanataka "ya mhuri", kama una hati kuna TRA na kodi ya ongezeko la mtaji, kama huna hati mnunuzi mwenye hela ndefu hakutaki kabisa unabaki na wale wa mafungu mafungu. Ukija kupata hela yote iko Aprili na mtoto kashakaa nyumbani muhula mzima.

Na mzee wako alisomesha sita kwa sababu mashamba yalikuwa yanavunwa bro. Yalikuwa yanatoa hela kila msimu. Kiwanja cha Chanika kinatoa nini kila msimu? Kinatoa nyasi na mgogoro wa mpaka.

---

mama_wawili:

Hahaha mgogoro wa mpaka 😂😂 hapo umenigusa lakini tuendelee.

Mimi nachangia upande wetu akina mama. Mume wangu ni wa viwanja, mimi ni wa kikoba. Kikoba chetu tuko wanawake kama ishirini hivi, tunanunua hisa kila jumatatu, tunakopeshana kwa riba ndogo na mwisho wa mwaka tunavunja wiki ya pili ya Desemba. Hiyo tarehe tuliipanga makusudi. Wengine wanavunja tarehe 20 ili wale sikukuu, sisi tukasema hapana, tuvunje mapema hela ifike nyumbani kabla ya sherehe, inunue sare na madaftari na viatu kabla bei haijapanda maana mnajua kabisa Januari ya kwanza kiatu cha shule kinapanda bei usiku.

Watu wanasema elimu bila ada, sawa ada hamna serikalini ila sare ipo, michango ipo, nauli ipo, na akipangiwa bweni ndio usiseme, godoro, ndoo, jembe, reki, rimu ya karatasi.

Kwaiyo mimi Januari sijawahi kuikimbia. Mume ndo anakuja kukopa kwangu na anajua riba ni ile ile ya kikoba, hamna kupendeleana 😂

---

mhazini_wa_zamu:

Dada wewe ndio ungeanzisha huu uzi sio mimi.

Angalieni alichofanya huyu mama. Hajaanza na swali la "nipate asilimia ngapi", kaanza na tarehe. Matumizi makubwa ya nyumba yanakuja kwa tarehe zinazojulikana: Januari shule, Julai shule tena, kodi ya nyumba kila miezi sita (na mwenye nyumba wako hataki mwezi mwezi, anataka sita au kumi na mbili mkononi). Mshahara unakuja kidogo kidogo kila mwezi, matumizi yanakuja kwa mafungu, kazi ya akiba ni kuunganisha hivyo viwili. Watu wanaita "dharura" vitu ambavyo viko kwenye kalenda. Januari sio dharura jamani, inakuja kila mwaka baada ya Desemba.

Tahadhari moja kuhusu vikoba: lile sanduku la kufuli tatu na watu watatu tofauti wenye funguo lina sababu. Vikundi vilivyohamia kwenye simu kwa kutuma kwa mweka hazina namba yake binafsi, mnatafuta kesi. Kuna huduma za vikundi kwenye mitandao ya simu ambazo kutoa hela mpaka wanachama waidhinishe, tumieni hizo.

---

bodaboda_mwekezaji:

mnachelewa wakuu, kuna apu unaweka laki unavuna elf 5 kila siku kwa kubonyeza tu matangazo, nicheki inboksi

---

mhazini_wa_zamu:

Elfu 5 kwa laki kwa siku ni 5% KWA SIKU. Serikali ya Jamhuri ya Muungano inakopa kwa asilimia kumi na kitu kwa MWAKA. Nani huyo anayekopa kwako kwa 5% kwa siku na anafanya biashara gani?

Wakongwe mnaikumbuka DECI 2009, ule upatu wa kupanda mbegu na kuvuna. Watu walipanga foleni kupanda. Tofauti ya leo ni kwamba foleni iko kwenye simu huioni ina watu wangapi mbele yako. Admin huyu mwondoe.

---

sijui_pa_kuanzia:

Mkuu mimi naomba unielekeze kama mtoto. Mimi na mke wangu tunaingiza kama laki tisa kwa mwezi kwa pamoja, tumepanga, watoto wawili. Nasikia UTT, nasikia hatifungani, nasikia fixed. Nianzie wapi? Na usiniambie nipunguze kula nje maana sili nje.

---

mhazini_wa_zamu:

Haha huli nje, vizuri, sikuambii.

Kabla ya kuanzia popote: una deni la riba ya mwezi? Kausha damu, apu za mikopo za kwenye simu, ile ya "salio limepungua tukukopeshe" unayolipia ada kila siku? Kama unalo basi uwekezaji wako wa kwanza ni kulimaliza hilo, hamna kingine. Na kama umekopa kwenye apu, angalia kama ina leseni. Benki Kuu (BoT) mwishoni mwa 2024 walitoa orodha ya majukwaa na apu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, hao ndio wale wanaompigia mpaka mama mkwe wako kumwambia unadaiwa. Wenye leseni daraja la pili (wakopeshaji wasiopokea amana) wana ukomo wa riba wa 3.5% kwa mwezi, ukiona mtu anakutoza 20 jua huyo yuko nje ya sheria.

Kama deni hamna, kaa na mkeo (MKEO AWEPO, nitarudi kwenye hilo) muandike mwaka mzima kwenye karatasi. Mfano: kodi laki na nusu mara sita ni laki tisa, hiyo mara mbili kwa mwaka. Januari ya shule sema laki saba. Ugonjwa na misiba tenga laki tatu. Lengo la kwanza kodi ya awamu moja + Januari + laki tatu, kama mil 1.9. Kwa mshahara wenu hiyo inaweza kuchukua mwaka na zaidi na ni sawa kabisa, usione aibu.

Hiyo hela haikai kwenye M-Pesa maana inalika, na haikai fixed ya mwaka (hela unayoifungia benki kwa muda maalum) maana ukiivunja katikati unapoteza riba. Mimi napenda Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (hela za watu wengi zinawekezwa kwa pamoja), upo toka 2013. Unanunua vipande, hamna ada ya kuingia wala kutoka, ukitaka hela unajaza ombi na inaingia benki ndani ya siku tatu za kazi. Miaka ya karibuni faida imekuwa karibu na 12% kwa mwaka, hiyo sio ahadi inaweza kushuka. Na zile siku tatu ni dawa, ukiwa na hamu ya simu mpya Ijumaa jioni mpaka Jumatano hamu imeisha.

Watu wanauliza usalama. Benki kuna Bodi ya Bima ya Amana, benki ikifa unalipwa mpaka mil 7.5 (zamani ilikuwa 1.5, wakaongeza 2023). UTT hauko kwenye bima hiyo, na saccos pia hatuko, nawaambia ukweli japo nakula mkate wa saccos. UTT ni taasisi ya serikali chini ya Wizara ya Fedha na mifuko inasimamiwa na CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji), mimi nalala usingizi, wewe pima.

---

pemba_moja:

Assalaam alaykum. Sheikh mhazini mbona sisi tusiokula riba hujatukumbuka, huo mfuko wa ukwasi wenyewe si unaweka kwenye riba tu.

---

mhazini_wa_zamu:

Waalaykum salaam, samahani ndugu yangu, ni kweli. Kwa akiba ya karibu kuna benki za kiislamu, Amana Bank ipo toka 2011, na benki kadhaa za kawaida zina madirisha yake. Kwa muda mrefu zaidi sukuk (kama hatifungani ila bila riba) zimeanza kuingia sokoni, KCB walitoa Fursa Sukuk 2022 ikaorodheshwa DSE (soko la hisa la Dar). Hisa za kampuni nazo zinatazamwa moja moja kulingana na biashara yenyewe. Kwenye hukmu naomba uulize wenye elimu, mimi elimu yangu ni ya fomu za mikopo. Kanuni ya tarehe haibadiliki, tena nyinyi mna Ramadhani na Iddi mbili juu ya Januari.

---

pemba_moja:

Ahsante. Na Iddi hazina tarehe moja wallahi, kila mwaka zinakuja mapema kwa siku kumi hivi 😅

---

msee_wa_eastlando:

Nawasalimu kutoka Nairobi. Hii stori ni ile ile tu, hapa kwetu ni ploti Kamulu, Joska, Kitengela, mtu ako na ploti tatu za futi 50 kwa 100 na landilodi amemfungia nyumba na kufuli. Chama zetu pia zinapenda ploti sana, mnachanga miaka mitano mnanunua ploti moja watu kumi na wawili, halafu kugawana inakuwa kesi.

Siku hizi watu wengi hapa wanaweka kwa money market (mfuko kama huo wenu wa ukwasi), inatoka siku mbili tatu, unakatwa 15% ya ile faida. Na bondi ya serikali (nyinyi mnaita hatifungani) sasa unanunua kwa simu, benki kuu yetu CBK walileta mfumo wa DhowCSD 2023, ukiwa na elfu hamsini unaingia. Ile bondi ya miundombinu ya Februari 2024 ilikuwa 18.46% na haina kodi, wazee wa mtaa walikimbia huko na pesa ya pension. Mlionunua hongereni, mimi nilikuwa nimelipa fees.

---

mhazini_wa_zamu:

Karibu jirani. Hiyo elfu hamsini yenu tuibadilishe haraka haraka, inakaribia kianzio chetu, sisi hatifungani mnadani ni mil moja.

Na kwa kuwa bondi imetajwa ngoja niimalize hapa, maana ndio swali la inboksi zote. Hatifungani za serikali zetu ziko za miaka 2 mpaka 25. Riba inalipwa mara mbili kwa mwaka, na zile za muda mrefu hazikatwi kodi ya zuio, wakati fixed ya benki inakatwa 10% ya riba. Unafungua akaunti ya CDS (inayotunza hatifungani na hisa zako) kupitia benki au dalali wa soko la hisa, basi.

Kitu ambacho watu hawakitumii ni ile TAREHE ya malipo. Kila hatifungani inalipa kila baada ya miezi sita kuanzia ilipotolewa. Kwaiyo ukichagua iliyotolewa Januari au Julai, riba yake inakuangukia shule zinapofunguliwa. Chukua mtu ana mil 10 kwenye ile ya miaka 20 ya zamani ya 15.49%, anapata 1,549,000 kwa mwaka, yaani 774,500 kila miezi sita. Hiyo ni Januari imejilipa na Julai imejilipa, miaka ishirini. Kiwanja cha mil 10 hakikufanyii hivyo.

Ila msikimbilie. Hizo za 15.49 na zile za miaka 25 za 15.95 serikali ilipunguza riba 2022, mpya zikawa 12.10 na 12.56, na toka hapo zimekuwa zikipanda na kushuka. Ukitaka ya zamani unainunua kwa mtu soko la pili na hakuuzii mia kwa mia, kila mia ya hatifungani anakuuzia kwa zaidi ya mia, hivyo faida yako halisi sio 15.49 tena. Uliza dalali akupe ile faida ya mpaka mwisho sio namba ya kwenye karatasi. Na ukiwa na haraka ya kuuza unaweza kuuza kwa hasara, ndio maana hela ya ada ya Januari HII haiingii huko.

Mwenye hela ndogo aangalie Mfuko wa Hatifungani wa UTT, kianzio elfu 50 ukiamua ikae ikue. Ukifika mil 10 unaweza kuomba gawio kila mwezi.

---

hisa_boy:

Na hisa je? Naona DSE watu wanatamba.

---

mhazini_wa_zamu:

Hisa ni za hela ambayo hata isiporudi miaka mitano hamna mtoto atakayerudishwa nyumbani. NMB iliuzwa 600 mwaka 2008 leo inahesabiwa kwa maelfu. Vodacom iliuzwa 850 mwaka 2017, walionunua wameishika miaka wakiiangalia iko chini ya bei hiyo. CRDB waliuza 150 mwaka 2009, ikawahi kukaa chini ya hapo muda mrefu, aliyeuza kwa njaa kipindi kile kalia, aliyekuwa na akiba pembeni akasubiri anacheka. Kampuni ni ile ile, tofauti yao ni akiba ya pembeni.

---

muscat_jirani:

Mimi niko Oman kazi za ndani, nasoma tu ila hapa niseme. Nilikuwa natuma hela kwa ndugu ajenge, picha zinakuja msingi, tofali, nyumba inapanda. Nimerudi likizo nyumba ya kwenye picha ni ya mtu mwingine. Sisemi zaidi. Sasa nataka nianze tena, nifanyeje nikiwa huku?

---

mama_wawili:

Pole sana mdogo wangu, Mungu akulipie 😔 yamewakuta wengi hayo.

---

mhazini_wa_zamu:

Pole sana dada. Safari hii hela ikae kwa jina lako peke yako. Akaunti ya benki ya nyumbani yenye jina lako (benki nyingi zina akaunti za diaspora), UTT kwa jina lako, hatifungani kwa jina lako, vyote unaviona kwenye simu ukiwa huko huko. Usitume hela ya ujenzi mpaka urudi mwenyewe, ujenzi unaweza kusubiri. Ya kuwasaidia nyumbani tenga kiasi kinachojulikana kila mwezi kiitwe msaada, kisichanganyike na akiba. Na usimwambie mtu una kiasi gani, hata mimi usiniambie.

---

kaka_mkubwa77:

Hilo la kutokuambia mtu, vipi kati ya mume na mke? Maana wewe mwenyewe umesema MKEO AWEPO. Mimi mke wangu hajui mshahara wangu na ndoa ina amani toka tumeoana.

---

mhazini_wa_zamu:

Kaka, mke wako anajua mshahara wako. Anajua mpaka siku unaingia.

Serious sasa. Ninaona fomu za mume na mke wote wanachama wetu wanaomba mkopo wa ada ya mtoto yule yule mwezi ule ule bila kuambiana. Mmoja kaenda kulipa shule akaambiwa imeshalipwa, hela ikaishia kwenye mabati. Sio lazima akaunti iwe moja, kila mtu abaki na yake, ila karatasi ya mwaka iwe moja, nani analipa Januari nani analipa kodi. Na muweke kiwango cha michango ya harusi kwa mwaka. Kadi ikija ya tano unasema kwa upole mwaka huu mfuko umekwisha, ukweli wenyewe ni huo, hata kama watakununia wiki mbili.

---

kiwanja_hakiozi:

Nimesoma yote. Sijabadilika 100% ila niulize hivi kiume. Mimi ndio yule wa pagale. Liko Mbagala huko mbele, limeezekwa, vyumba vitatu, halina madirisha halina sakafu. Nimepanga kwa laki mbili kwa mwezi. Unaniambia niliache niweke hela UTT? Au niuze?

---

mhazini_wa_zamu:

Hapana! Afadhali umeuliza maana wengine wataondoka hapa wakidhani nawaambia muuze nyumba.

Pagale lililoezekwa ni kitu kingine kabisa. Tupige hesabu. Unalipa kodi mil 2.4 kwa mwaka. Kumalizia CHUMBA KIMOJA na choo, namaanisha sakafu ya simenti, dirisha la mbao na nondo, mlango wa kueleweka, sio tailizi sio jipsam, tuseme mil 4 kwa makisio, fundi wako atakupa namba yake. Ukihamia unaokoa 2.4 kila mwaka kwa hela ya mil 4, hiyo ni 60% kwa mwaka. Hamna hatifungani duniani inakupa hiyo. Umeme kama nguzo iko ndani ya mita 30 mjini ni 320,960, maeneo yanayohesabiwa vijijini 27,000, nenda ofisi ya TANESCO uulize eneo lako liko kundi gani.

Ila watu wengi hufanya kinyume. Wanapata mil 4 wanaongeza chumba cha nne na kupandisha ukuta wa fensi, nyumba inazidi kuwa kubwa na kodi wanaendelea kulipa. Pagale ambalo hujahamia halikupi hata shilingi, liwe na vyumba vitatu au kumi.

Kwaiyo kwako mpangilio ni akiba ya Januari kwanza, ukiipata chumba kimoja na choo, uhame, ile laki mbili ya kodi uendelee kujikata kama vile mwenye nyumba bado anakudai. Kiwanja cha pili sitaki kukisikia mpaka hapo.

---

kiwanja_hakiozi:

Nimeelewa. Shida mke wangu kasema hahamii kwenye nyumba isiyo na tailizi.

---

mama_wawili:

Mwambie hiyo laki mbili ya kodi inapita mikononi mwake kwa mwaka wa kwanza aamue yeye inunue nini. Atahamia hata kabla ya madirisha 😂

---

kiwanja_hakiozi:

Dada naomba namba ya kikoba chenu